Kikundi chetu cha Kigoma tunataka kulala jangwani kwenye vilima vya mchanga: Oldupai, Chalbi au Namibia?

#1 Mwana_Kibirizi (mleta uzi)
Habari za muda huu wanajukwaa. Niende moja kwa moja kwenye mada. Sisi ni kikundi cha watu kumi na wanane hapa Kigoma mjini: walimu, wauguzi, wawili wa bandarini na wafanyabiashara wa sokoni. Kila likizo tunachanga tunatoka. Gombe tumekwenda, Mahale tumekwenda, maporomoko ya Kalambo tumeyaona. Safari hii watu wamesema wamechoka na maji na misitu. Wanataka mchanga mtupu, hema na nyota.

Msimamo wangu ni kwamba hatuna haja ya kuvuka mpaka. Ule mchanga unaohama wa Oldupai, kule Ngorongoro, unatosha. Nusu ya wenzangu wanasema lile si jangwa, twende Namibia au Kenya. Naombeni mwanga kwa waliofika: njia ipi, msimu upi, na je, pale panalalika? Nawasilisha.

#2 Mtoto_wa_Reli
Naweka kambi hapa. Uzi mzuri.

#3 Ticha_Jiografia
Mleta uzi, wanaosema si jangwa wana hoja. Lile ni tuta moja limekaa peke yake kwenye nyika kame, magharibi ya nyanda za juu za Ngorongoro. Milima ile inazuia mvua inayotoka upande wa bahari. Ukiwa ukingoni mwa kreta unatembea kwenye ukungu na msitu. Ukishuka upande wa pili unakutana na vumbi na migunga.

Kwenda juu tuta lina kama mita 9, na ukifuata upinde wake unapata kama mita 100. Umbo lake ni la hilali. Rangi ni kijivu cha kuelekea weusi, maana ni majivu ya volkano kutoka Oldoinyo Lengai. Linasogea kuelekea magharibi kwa wastani wa mita 17 kwa mwaka, na kuna vibao vinavyoonyesha lilikuwa wapi mwaka gani. Kwa jiografia ni hazina. Kwa kulala watu kumi na wanane, hapana.

#4 Bi_Mawese
Mita 9? Ticha umenivunja moyo asubuhi hii. Nimo kwenye hicho kikundi na nilishaanza kuchanga. Mwana_Kibirizi kwenye kikao alituambia "vilima", kwa wingi kabisa!

#5 Kijana_wa_Endulen
Salamu kutoka Ngorongoro. Niwaambie kwa upole kabla hamjafika mbali: pale kwenye mchanga hakuna kambi, na msipange kulala. Kwanza ni eneo la hifadhi, huwezi kujipigia hema popote unapojisikia, na usiku ni wa wanyama. Pili, mchanga ule ni mahali pa heshima kwa Wamasai. Wazee wanausimulia pamoja na Lengai, mlima wa Mungu, na wapo wanaokwenda pale kwa ajili ya maombi. Kwa hiyo gari halipandi juu yake, na mambo ya kuteleza na mbao mnayoyaona kwenye video za nchi nyingine msiyalete.

Ila kuutembelea mnakaribishwa sana. Piteni kwanza jumba la makumbusho la Oldupai mpate mwongozaji, maana njia ya kwenda kwenye mchanga ni ya kuchepuka na alama za magari zinapishana. Mtu asiyeijua anakata majani ovyo kwa matairi, na nyika ile ikikwanguliwa hairudi upesi.

#6 Mwana_Kibirizi
Asante sana ndugu yangu wa Endulen, haya ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Sasa tukiutembelea mchana, usiku tunalala wapi kwenye hema? Maana watu hawa wakiambiwa hoteli wataniondolea uongozi.

#7 Dereva_wa_Nyika
Kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta. Ni kiwanja kikubwa cha majani, kina vyoo na jengo la kupikia. Lakini wana Kigoma nisikieni: pale ni zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na nyie mnatoka ziwani kwenye mita 770 na kidogo. Mwezi wa sita hadi wa nane ile baridi inaingia kwenye mifupa. Nimeshapeleka watu waliokuja na shuka za kimasai peke yake, usiku wakahamia wote kwenye gari. Njooni na mablanketi mazito, soksi na kofia za sufu.

Njia: Kigoma, Uvinza, mnavuka daraja la Kikwete pale Malagarasi, Kaliua, Urambo, Tabora. Kisha Nzega, Igunga, mnapanda Sekenke, Singida, Katesh, Babati, Arusha, ndiyo mnarudi Karatu. Msijaribu kuunganisha moja kwa moja. Laleni Singida.

#8 Kasulu_Juu
Nyongeza na marekebisho kwa #7. Arusha hawana sababu ya kufika. Kutoka Babati wanakuja hadi Makuyuni, wanakata kushoto, Mto wa Mbu, Karatu, lango la Lodoare. Lami hadi langoni. Kwenda Arusha mjini kisha kurudi Makuyuni ni kuchoma mafuta bure.

Na si lazima wapite Uvinza. Wanaweza kupanda kwetu Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, wakashuka Kahama hadi Nzega. Kwenye ramani inaonekana ndefu, ila mimi ndiyo napita na gari langu.

#9 Dereva_wa_Nyika
Kasulu_Juu, la Makuyuni umenena. Niliweka Arusha kwa sababu vikundi vingi hukodi magari ya porini pale. Kama wanatoka na gari lao Kigoma, basi wakate Makuyuni. La Nyakanazi sikubali, wewe unatetea kwenu.

#10 Kasulu_Juu
Nisipopatetea kwetu nani atapatetea? Na bado njia ni nzuri.

#11 Mtoto_wa_Reli
Mnaongelea matairi kana kwamba Kigoma haina stesheni. Pandeni treni ya reli ya kati hapo, mlale, Tabora, Manyoni, mteremke Dodoma. Hapo mnakodi Coaster: Kondoa, Babati, Makuyuni. Ni lami tupu. Na njiani mnapita Kolo, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Watu kumi na wanane ndani ya behewa moja, mna chakula chenu, mna hadithi zenu, likizo inaanzia Kigoma badala ya kuanzia Karatu.

#12 Bi_Mawese
#11 nimeipenda. Treni mimi naunga mkono.

#13 Msafiri_Windhoek
Mwakeye ndugu zangu. Mimi ni wa Ujiji, nafanya kazi Namibia. Kama nia yenu ni kuona vilima vya mchanga hadi macho yachoke, hakuna pa kushindana na Namib. Mchanga mwekundu, na tuta moja tu, lile wanaloliita Big Daddy kule Sossusvlei, lina zaidi ya mita 300 kwenda juu. Chini yake kuna Deadvlei, uwanda mweupe wa udongo mkavu wenye migunga iliyokufa karne kadhaa zilizopita na bado imesimama, kwa sababu ukavu hauiachi ioze. Eneo lile la mchanga liliingia urithi wa dunia mwaka 2013.

Kuhusu kulala: kambi iko Sesriem, langoni, hakuna hema juu ya mchanga. Faida ya kulala ndani ya lango ni kwamba mnaruhusiwa kutoka mapema kuliko wanaotoka nje, mnawahi kupanda kabla jua halijatoka. Tuta maarufu la kupanda liko kilomita 45 kutoka langoni na jina lake linatokana na hizo kilomita. Mwishoni kabisa kuna kipande cha mchanga mzito ambacho gari dogo halipiti. Mnaacha gari mnapanda yale yanayobeba wageni. Na jua likishakuwa juu, msiwe kwenye mchanga. Unaunguza nyayo.

#14 Mwana_Kibirizi
Kaka wa Windhoek, ubarikiwe. Lakini nauli ya watu kumi na wanane kutoka Kigoma hadi huko! Wengine hata pasi ya kusafiria hawana.

#15 Malindi_Kwetu
Jirani hapa kutoka Kenya. Mmesahau Chalbi, kule Marsabit. Ila niwe mkweli kwenu: sehemu kubwa ya Chalbi ni kitanda cha ziwa lililokauka, tambarare ya udongo na chumvi. Vilima vya mchanga mnavikuta upande wa North Horr. Kule hamwendi na gari moja. Ni msafara wa magari, mafuta ya ziada, maji ya ziada, na mvua ikinyesha ile tambarare inageuka tope la kuzamisha lori. Kama mnataka mchanga tu pamoja na bahari, kuna vilima vya Mambrui, kaskazini ya Malindi. Vizuri, lakini si jangwa.

#16 Ticha_Jiografia
Na hapo tuelewane. Mtu akisema jangwa, akilini anaona mchanga. Hata Sahara, sehemu kubwa ni mawe, kokoto na milima. Mchanga ni kama robo yake. Kwa hiyo Chalbi ni jangwa hata pasipo vilima, na Mambrui ina vilima pasipo kuwa jangwa. Kikundi kiamue kinataka kipi.

#17 Bi_Mawese
Tunataka vyote. Ila Ticha, kuna jambo halijaniingia tangu #3. Tuta moja, nyika wazi, upepo wa kila siku, mwaka hadi mwaka. Kwa nini halitawanyiki likaisha?

#18 Fundi_Turubai
Sumaku. Mchanga ule una chuma. Ukiushika na kuurusha juu, unaona unarudi umeshikana. Nimefika pale, mwongozaji alisogeza kipande cha sumaku, chembe zikasimama kama manyoya ya paka. Ndiyo maana tuta halivunjiki, linajivuta lenyewe.

#19 Ticha_Jiografia
Fundi, kwamba una madini ya chuma na unavutwa na sumaku ni kweli, hilo silipingi. Kwamba ndicho kinachoshika tuta, hapana. Matuta ya umbo la hilali yapo Namib, yapo Peru, yapo Sahara, na mchanga wa mengi kati ya hayo hauna habari na sumaku. Yanahitaji mambo matatu: upepo wa upande mmoja, ardhi ngumu, na mchanga kidogo. Chembe zinapanda mgongo wenye mteremko wa taratibu, zikifika kileleni zinaporomoka upande ule mkali ambao upepo haufiki. Chembe ikishaanguka pale imejificha, mpaka tuta zima lisogee na kuifikia tena kwa nyuma. Pembe mbili ni nyembamba, zinakwenda haraka kuliko katikati, ndiyo maana zinatangulia upepo unakoelekea. Tuta linahama, halitawanyiki.

#20 Fundi_Turubai
Sawa Ticha, lakini jibu hili. Majivu ya Lengai yalianguka nyika nzima. Upepo ni huo huo kila mahali. Mbona tuta lile linasifiwa peke yake? Kuna kitu kinauvuta mchanga ukae pamoja.

#21 Mzee_Ujiji
Mimi nadhani ni uzito. Madini meusi ni mazito kuliko mchanga mweupe wa ziwani kwetu. Upepo unapeperusha vumbi jepesi linakwenda zake, zile chembe nzito zinabaki zikiburuzwa chini kwa chini. Baada ya muda, kilichobaki ni kundi la chembe nzito peke yake. Angalieni ufukweni Kibirizi baada ya mawimbi, mchanga mweusi hukaa mistari yake peke yake. Hakuna aliyeupanga.

#22 Kijana_wa_Endulen
Nawasoma wote kwa heshima. Babu zetu walisema mchanga ule umetumwa na Lengai na unakwenda unakotumwa. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nachunga karibu na pale, na kitu kimoja nilikiona ambacho Ticha hakusema: majani. Msimu wa mvua nzuri majani hulizingira tuta na mwendo wake hupungua. Mwaka wa ukame linakimbia. Hizo mita 17 ni wastani tu.

#23 Ticha_Jiografia
Umesema kitu kikubwa sana, ahsante. Na ongeza hili: tuta dogo hukimbia kuliko kubwa, kwa sababu mchanga wa kuhamisha ni mchache. Kwa hiyo likipungua mwili, mwendo utazidi.

#24 Mzee_Ujiji
Nimekaa na kalamu. Wapo wanaoyahusisha majivu yale na mlipuko wa Lengai wa miaka kama 3,000 iliyopita. Mita 17 mara 3,000 ni mita 51,000, yaani kilomita 51. Lengai iko mbali na pale zaidi ya hapo, lakini si mbali sana. Inawezekana tuta limetembea lenyewe kutoka mguuni mwa mlima mpaka Oldupai?

#25 Kasulu_Juu
Mzee, hesabu hii imenisimamisha.

#26 Ticha_Jiografia
Hesabu ni nzuri, ila mlipuko haungojei tuta litembee. Majivu yanarushwa angani, upepo unayabeba, yanaanguka kilomita nyingi kutoka mlimani siku hiyo hiyo. Mwaka 2007 na 2008 Lengai ilipolipuka watu walioishi upande wa chini ya upepo waliyaona. Kwa hiyo tuta linaweza kuwa lilijikusanya njiani, mahali popote kati ya mlima na pale.

#27 Mzee_Ujiji
Wapi hasa?

#28 Fundi_Turubai
Na nini kililikusanya? Narudi palepale: sumaku.

#29 Mhazini_wa_Kikundi
Wapendwa, naombeni turudi kwenye fedha, kwa sababu daftari liko kwangu. Kiingilio cha raia tunalipa kwa shilingi?

#30 Dereva_wa_Nyika
Ndiyo, raia wa Afrika Mashariki mna viwango vyenu vya shilingi, mbali kabisa na vya wageni. Kila mtu abebe kitambulisho cha taifa. Malipo mnachukua namba ya malipo mapema, mnalipa benki au kwa simu, mnakuja langoni na risiti. Msije na bahasha ya pesa taslimu. Jueni pia kwamba kiingilio ni kitu kimoja, kulala kambini kingine, gari kingine, kushuka kreta kingine, Oldupai kingine. Vikundi vingi vinakwama hapo, vimepiga hesabu ya lango peke yake.

Na kuna wanaopendekezaga kupita Mwanza, Lamadi, lango la Ndabaka, mnakatiza Serengeti hadi Oldupai. Inapendeza, lakini mtalipa hifadhi mbili. Kama hamna mpango wa Serengeti, msipite.

Coaster inafika Oldupai kwa barabara kuu ya changarawe, hata mabasi ya abiria hupita pale. Ukifika njia panda yenye sanamu ya mafuvu mawili makubwa, ndiyo pa kuchepukia. Kutoka makumbusho kwenda kwenye mchanga, kodisheni gari la juu.

#31 Mhazini_wa_Kikundi
Asante. Nimeandika mistari mitano badala ya mmoja.

#32 Bi_Mawese
Chakula mimi. Dagaa wetu wakavu, migebuka ya kukausha, mawese, unga. Hatununui kitu njiani.

#33 Dereva_wa_Nyika
Dada, dagaa wa Kigoma nawapenda kwa moyo wote, lakini usilale nao ndani ya hema. Pale Simba nguruwe pori wanazunguka usiku wakinusa, na tembo huja kunywa maji ya tangi. Chakula chote kikae ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Usiku ukitaka kwenda chooni, mulika tochi pande zote kwanza, na mwende wawili. Kuni pia msikate, njooni na mtungi wa gesi na jiko lake.

#34 Msafiri_Windhoek
Na kama siku moja mtakuja huku kwenye mchanga wenyewe: vigingi vya kawaida vya hema havishiki. Jazeni mchanga kwenye mfuko, fungeni kamba, ufukieni chini, hapo hema halitaondoka. Msipige hema kwenye korongo la mto mkavu hata kama panaonekana pametulia, maana mvua ya mbali huleta maji usiku. Asubuhi kung'uteni viatu, kuna nge. Matairi mnayapunguza upepo kabla ya kuingia mchangani, kwa hiyo mje na pampu ya kuyajaza tena.

#35 Mtoto_wa_Reli
Swali la msimu halijajibiwa. Likizo za shule ni mwezi wa sita na wa kumi na mbili.

#36 Kijana_wa_Endulen
Mwezi wa sita. Pakavu, upepo unavuma, mtauona mchanga ukifuka kileleni kama moshi, hasa mchana ukiendelea. Desemba panaweza kuwa na mvua na njia ya kuchepuka ikawa utelezi. Mkija kati ya Januari na Machi mtakuta nyumbu wanazaa upande wa Ndutu, lakini nyie walimu hamtapata ruhusa.

Na msiutazame mchanga mkaondoka. Pale Oldupai ndipo Mary Leakey alipopata fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Kaeni, sikilizeni maelezo, mfikie mchanga alasiri kivuli kikianza kuchora umbo lake.

#37 Mwana_Kibirizi
Wakuu, nimepitisha kura kwenye kundi letu la simu. Oldupai kwa treni na Coaster, mwezi wa sita: kumi na mmoja. Namibia mwaka kesho kutwa, tuanze kuchanga sasa: watano. Wawili wameandika "nipo" bila kusema wapo wapi. Kikao Jumamosi, Mwanga. Dereva, nakuja pembeni kuhusu gari la kutoka Dodoma.

#38 Bi_Mawese
Mimi ni mmoja wa wale watano, ila Oldupai naenda. Nataka kuushika huo mchanga mwenyewe. Nitabeba sumaku ya spika ya redio mbovu, Fundi na Ticha niwaletee jibu.

#39 Fundi_Turubai
Leta na picha.

#40 Ticha_Jiografia
Bi Mawese, sumaku itanasa chembe, hilo hakuna anayebisha. Itakuwa haijajibu swali. Pima upepo: chomeka kijiti, angalia unavuma kutoka wapi, kisha tazama pembe zimeelekea wapi.

#41 Kijana_wa_Endulen
Leteni sumaku na kijiti. Chembe zitakazonasa zirudishwe pale pale kabla ya kupanda gari, hatuchukui mchanga ule kwenda nao nyumbani. Na simu zenu zifungwe kwenye mfuko wa plastiki, vumbi lile linaingia kwenye spika na halitoki.

#42 Mhazini_wa_Kikundi
Nani anajua mahema ya kukodi yanapatikana wapi hapa Kigoma? Tunayo manne tu, na moja zipu imekufa.